Alumini yenye shaba imegoma kukaza? Dalili, sababu na cha kufanya

Malalamiko ya mafundi kuhusu alumini yenye shaba huwa ni yale yale: nimeichoma nikaitumbukiza kwenye maji bado laini, imetoa malengelenge, imepasuka nilipoikunja, imeanza kuliwa ukingoni baada ya miezi michache. Na kila mtu analaumu mzigo, eti aloi feki. Mara nyingi mzigo hauna kosa, kosa ni digrii chache ndani ya tanuru au sekunde chache kati ya mlango wa tanuru na pipa la maji.

Namba za kukaa nazo kichwani ni hizi, na digrii zote humu ni Selsiasi. Alumini ikiwa bado ngumu, haijawa uji, inaweza kumeza shaba ndani yake ila kiasi inachomeza kinategemea joto. Kwenye 548 inameza mpaka asilimia 5.65 kwa uzito na hapo ndo mwisho wake. Kwenye 500 inabeba kama 4. Kwenye 400 ni 1.5 hivi, kwenye 300 haifiki hata nusu asilimia, na ikishapoa kabisa ni chini ya 0.1, yaani karibu na hakuna. Sasa chukua kilo moja ya 2024, ile ya mabati ya ndege (namba za tarakimu nne kama hii humu ni majina ya aina za aloi), humo ndani kuna shaba kama gramu 44. Ukiiacha ikae kwenye 400 inashika gramu 15 tu hivi, zilizobaki zinatoka na kujikusanya kuwa chembe za shaba iliyoungana na alumini (Al2Cu na jamaa zake), na zikishakuwa kubwa hazikazi chochote, zinakaa tu.

Kwa hiyo kazi nzima ni hatua tatu: shaba iingie ndani ya alumini kwa moto mkali, ipozwe ghafla isipate nafasi ya kutoka, halafu itoke polepole kwa vijichembe vidogo mno ambavyo ndo vinaleta ugumu. Mjerumani Alfred Wilm aliliona hili 1906 akiwa na alumini yenye shaba asilimia 4 na magnesi kidogo, kipande alichopima kikiwa laini alikipima tena baada ya siku mbili tatu akakikuta kigumu bila kukigusa. Kila hatua ina magonjwa yake, twende nayo kwa dalili.

Kabla ya yote, hiyo kitu ina shaba kweli?

Usicheke, hii inamaliza nusu ya kesi. Profaili za madirisha kwa kawaida ni 6063, hiyo inakaza kwa magnesi na silikoni. Bati la sufuria ni alumini karibu safi au yenye manganizi, hiyo hata uichome mwaka mzima haikazi kwa moto, itazidi kulainika tu. Rimu za gari nyingi ni alumini na silikoni, shaba hamna ya maana.

Kipimo cha bei rahisi ni kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Piga msasa sehemu ndogo mpaka ing'ae, dondosha tone la maji ya kostiki, subiri dakika kadhaa, suuza. Ikibaki nyeupe au kijivu hafifu, shaba hamna au ni kidogo sana. Ikigeuka nyeusi, shaba ipo (7075 nayo itageuka kwa sababu ina shaba kidogo pamoja na zinki, kwa hiyo weusi peke yake haukwambii ni aloi ipi). Jambo moja watu wanalikosa: mabati mengi ya 2024 yamevalishwa ngozi nyembamba ya alumini safi pande zote mbili, ukidondosha juu utaambiwa hamna shaba. Dondosha kwenye ukingo uliokatwa, utaona katikati kumekuwa kweusi na mistari miwili myembamba ya juu na chini imebaki nyeupe. Glovu na miwani lazima, kostiki inachoma macho, na lile povu ni haidrojeni kwa hiyo usifanye karibu na moto.

Dalili: umechoma, umezamisha, bado laini

Sababu ya kwanza, na ya kijinga kuliko zote, hujasubiri. 2024 ikitoka kwenye maji inatakiwa iwe laini, inaanza kukaza yenyewe na inahitaji kama siku nne kwenye joto la kawaida kufika karibu na mwisho wake. Weka kipande pembeni, kipige senta panchi leo, kipige tena kesho kutwa kwa nguvu ile ile, linganisha mashimo. Kama shimo la pili ni dogo waziwazi basi huna tatizo. Ila kama ni 2014 au 2219 na unataka tempa ya T6 (ugumu unaopatikana kwa kukomaza kwa joto baada ya kuzamisha), hizo lazima uzikomaze kwenye oveni: 2014 ni kama 160 kwa saa 18 au 175 kwa saa 8 hadi 10, 2219 ni 190 kwa saa 36. Ukiiacha mezani tu hutafika huko.

Sababu ya pili, joto halikufika. Hapa ndo kuna kesi nyingi zaidi. Kuna ile mbinu ya kupaka sabuni ya mche ukasubiri igeuke nyeusi, mbinu nzuri sana, lakini ni ya KULAINISHA, sabuni inaungua kwenye kama 350 hadi 400 na hapo umeshaona shaba inayoingia ni gramu 15 kati ya 44. Halafu ukaitumbukiza kwenye maji ukategemea muujiza. 2024 inatakiwa 488 hadi 499, 2014 kama 502, 2219 kama 535. Sabuni haiwezi kukwambia hayo, rangi ya moto nayo haiwezi, kwa sababu alumini, tofauti na chuma, haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka.

Angalia themokapo yako (kile kipimo cha joto cha nyaya mbili kinachoingia kwenye tanuru). Ile ya aina K ya kawaida inaruhusiwa kukosea karibu digrii 4 juu au chini kwenye joto hili, na dirisha lako lote la 2024 ni digrii 11, kwa hiyo ukilenga katikati huna nafasi kubwa ya kuchezea. Njia nzuri ya kuihakikisha: yeyusha zinki safi kidogo kwenye kikombe cha chuma, chomeka themokapo ikiwa ndani ya kijibomba cha chuma, zima moto, kaa uangalie namba. Itashuka, itashuka, halafu itasimama na kung'ang'ania sehemu moja wakati zinki inaganda, ndipo iendelee kushuka. Pale iliposimama panatakiwa pawe 419.5. Ikisimama 410 ujue tanuru lako linakudanganya kwa kama digrii 10. Fanya nje penye hewa na usiichemshe zinki mpaka itoe moshi mweupe, ule moshi unaleta homa.

Sababu ya tatu, umechelewa kati ya tanuru na maji. Eneo baya ni kati ya 400 na 290, hapo shaba inatoka haraka kuliko mahali pengine popote. Bati jembamba linapoa hewani kabla hujageuka. Kanuni za kazi za ndege zinatoa sekunde 5 kwa bati lisilofika milimita 0.4, sekunde 7 mpaka kama milimita 0.8, sekunde 10 mpaka milimita 2.3, na 15 kwa lililo nene zaidi, na hesabu inaanza mlango unapofunguka mpaka kipande chote kimezama. Kama pipa lako liko upande wa pili wa karakana, lihamishe tu, ni marekebisho ya bure kabisa.

Sababu ya nne, maji yenyewe. Yaanze chini ya 38 na yawe mengi kiasi kwamba yasipande sana ukizamisha. Tangi la plastiki jeusi lililoshinda juani Mombasa au Dar mchana linaweza kuwa limeshapita hapo kabla hujaanza kazi, ingiza kidole kwanza. Na koroga, kipande kikikaa kimya kinajifunika mvuke na kinapoa pole pole.

Ya mwisho, muda mfupi ndani ya moto. Bati la milimita 1.6 linataka kama dakika 35 hadi 40 baada ya tanuru kurudi kwenye joto, sio tangu ulipoliingiza. Pande la milimita 25 ni saa moja na nusu kwenda juu. Vitu vya kumwagwa kwenye kalibu ni habari nyingine kabisa, saa 6 mpaka 12, maana shaba imejikusanya kwenye mifuko mikubwa na inahitaji muda wa kusambaa.

Ukifanya yote haya na bado, mpelekee mtu mwenye kifaa cha kupima upitishaji umeme, ni dakika moja tu. 2024 ambayo shaba yake imeingia inasoma kama asilimia 30 ya shaba safi, ile iliyolainishwa inasoma karibu 50, kwa sababu shaba ikiwa imesambaa ndani inazuia umeme na ikishatoka inaacha njia. Kifaa hicho kinamaliza ubishi wote.

Dalili: ukingo umeyeyuka, au kuna vitone kama jasho juu

Umepitiliza. 2024 inaanza kuyeyuka kwenye 502 hivi, yaani digrii 3 tu juu ya kikomo cha 499. Haiyeyuki yote, inayeyuka ndani ndani kwenye mipaka ya punje (zile fuwele ndogo zinazoijenga metali), pale shaba na magnesi vilipojazana.

Kinachosababisha mara nyingi ni nyaya. Fundi umeme akirefusha themokapo kwa waya wa shaba wa kawaida badala ya waya wake maalum, kosa linakuwa sawa na tofauti ya joto kati ya kichwa cha themokapo na kontrola. Kichwa kiko kwenye 70 karibu na ukuta wa tanuru, kontrola iko kwenye 30, basi namba inasoma digrii 40 chini ya ukweli. Wewe umeweka 495, ndani kuna 535. Fuata waya kwa mkono kuanzia tanuru mpaka kontrola, uangalie kama kuna kiungo cha waya mwingine katikati, na kama umegeuzwa chanya na hasi. Baada ya hapo angalia kama kipande kilikaa karibu na elementi, maana hewa inaweza kuwa 495 na ukingo unaotazama elementi ukawa juu zaidi; weka ngao ya bati la chuma na feni ya kuzungusha hewa. La tatu ni kuchanganya mizigo: mtu ametoka kuchoma 2219 kwenye 535 kasahau kushusha.

Kwa vitu vya kumwagwa vyenye silikoni na shaba pamoja, kama zile silinda hedi za aloi ya 319, kuna sehemu zinazoyeyuka kuanzia 507 ikiwa na magnesi au 525 hivi ikiwa haina. Usipandishe moja kwa moja mpaka juu, anza kwenye 490 saa kadhaa shaba ipate kusambaa ndipo uende 505.

HAPA SIMAMA: kipande kilichoanza kuyeyuka ndani hakirudi. Ukikichoma tena vizuri kitaonekana kizima, kitapima kigumu, na siku moja kitakatika bila kuaga. Peleka kwenye skrapa, na kikate vipande kabisa ili mwingine asikitumie.

Dalili: malengelenge juu ya bati

Hii karibu kila mara ni unyevu. Mvuke unakutana na alumini yenye joto, haidrojeni inaingia, inajikusanya chini ya ngozi na kuinyanyua. Tanuru jipya ambalo matofali hayajakauka, kipande kilichooshwa kikaingizwa kibichi, mafuta ya kukatia ambayo hayakufutwa. Osha kwa sabuni, suuza, kausha kabisa, na lichome tanuru tupu saa kadhaa kabla ya mzigo wa kwanza. Malengelenge yakiambatana na jasho la juu rudi kwenye dalili iliyotangulia, hapo tatizo lako ni joto na sio maji.

Dalili: inapasuka ukiikunja

Umekunja kwa kuchelewa, ndo hivyo. 2024 ikitoka majini unayo kama nusu saa ya kuikunja na kuinyoosha kwa raha, baada ya hapo inazidi kubisha. Joto la mchana wetu halisaidii, inakaza haraka zaidi. Dawa ya zamani ni friza: baridi inazuia shaba isianze kutoka. Watu wa ndege wanafanya hivyo na ribiti, zile za 2024 ukizitoa kwenye friza una dakika 10 hivi za kuzigonga, zile za 2017 una kama saa moja, na zikikupita unazirudisha kwenye tanuru sio kwenye friza. Ribiti iliyogongwa ikiwa imeshakaza inapasuka kichwani, nyufa ndogo za mshazari, ziangalie kwa lenzi.

Sababu nyingine ni kona kali mno kwa unene ule, au mistari ya mkwaruzo kwenye mkunjo. Piga msasa ukingo kwanza, na kunja kukatiza mstari wa bati sio kuufuata.

Dalili: imepinda

Bati likiingia majini kwa ubavu upande mmoja unapoa kwanza. Lizamishe wima, haraka, na lishikiliwe na fremu. Linyooshe ndani ya ile nusu saa. Usijaribu kutumia maji ya moto kwa bati la 2024 ili lisipinde, utapunguza kupinda na utanunua kutu. Maji ya moto ya 65 kwenda juu ni ya vitu vya kumwagwa, navyo vinavumilia.

Dalili: ilikuwa ngumu, sasa imelainika

Ama imekaa kwenye joto wakati wa kazi ama umeipitiliza kwenye oveni. Vile vijichembe vinavyokaza vikiendelea kupata joto vinaungana, vinakuwa vikubwa na vichache, na ugumu unashuka. Kitu kinachokaa kwenye 200 na zaidi kwa masaa mengi kitashuka tu, hata kama ulikitengeneza kwa mkono wa malaika. Marekebisho ni kuanza upya yote, kuchoma, kuzamisha, kukomaza. Kukikomaza tena juu ya kilichopitiliza ni kuongeza tatizo.

Na kama umekichomelea, basi. 2024 kwa kawaida haichomelewi, inapasuka kwenye mshono ikiwa inaganda na pembeni ya mshono shaba inatoka yote. Hiyo inaunganishwa kwa ribiti. Ukihitaji aloi ya shaba ya kuchomelea tafuta 2219 na waya wa 2319.

Dalili: inaliwa, inafumuka tabaka tabaka ukingoni

Anza na rahisi: kuna boliti ya chuma au shaba njano inayogusa alumini penye chumvi? Rangi imetoka? Ile ngozi ya alumini safi imesagwa na grainda? Ngozi hiyo ndo kinga yake, ukiisaga umemvua nguo.

Kama yote hayo yako sawa, shida ni ya zamani, ilipikwa siku ya kuzamisha. Ilipoa polepole, shaba ikatoka kwenye mipaka ya punje, ukanda wa pembeni ukabaki bila shaba na huo ndo unaoliwa kwanza, kwa hiyo kutu inapita kati ya punje na punje na juu huoni kitu. Kuchoma tena mara nyingi pia kunaleta hili kwenye bati lenye ngozi, maana kila ukichoma shaba inazidi kupenya kuelekea juu mpaka ngozi inakuwa sio safi tena. Bati jembamba usilirudie zaidi ya mara moja, na lile lisilofika milimita 0.5 usilirudie kabisa.

HAPA SIMAMA kama ni kipande cha ndege, hata kama ni kidogo na mwenyewe anakubembeleza. Hiyo ni kazi ya karakana yenye kibali cha mamlaka ya anga, TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, wana vifaa vya kuona ufa usioonekana. Simama pia kwa chochote kinachobeba presha au kinachoning'iniza watu. Na yeyote anayetaka kujenga beseni la chumvi za naitreti nyumbani ili joto liwe sawa, aache: likizidi joto au likiingiwa na mafuta, mkaa au maji linalipuka.

Dalili za wanaomwaga: shaba imekaa chini ya chungu

Watu wanasikia shaba inayeyuka kwenye 1085 basi wanasukuma moto mpaka huko, alumini inaungua, inameza gesi, takataka juu nusu ya chungu. Haina haja. Shaba inayeyukia NDANI ya uji wa alumini ulio kwenye 720 hadi 750, inachotaka ni kukorogwa na muda, kwa sababu ina uzito zaidi ya mara tatu ya ule uji na inazama ikakaa. Ikate vipande vifupi vyembamba, ipashe moto kwanza ikauke, ingiza kidogo kidogo ukikoroga mpaka chini. Afadhali zaidi utengeneze mkate wa alumini wenye shaba asilimia 33, huo unayeyuka kwenye 548 na unaingia bila ubishi. Waya wenye plastiki umenye, usiuchome, ule moshi ni sumu. Na chochote chenye unyevu kikiingia kwenye uji kinarusha chungu kizima, kopo la soda lenye maji kidogo linatosha kukutoa macho.

Kikipasuka kikiwa bado cha moto ndani ya kalibu: shaba asilimia 4 hadi 5 bila silikoni inaanza kuganda karibu na 650 na haimalizi mpaka 548, muda wote huo ni uji unaovutwa huku na huku. Legeza kalibu mapema isikibane, ondoa kona kali, na mlango wa kumwagia uwe upande mnene. Kama huhitaji ugumu wa juu, ongeza silikoni ifike asilimia 5 au 6 na nyufa zitapungua sana. Kama malighafi yako ni kondensa za eya kondishena, zile bomba zake mara nyingi ni shaba, zing'oe kabla ya kuyeyusha, la sivyo kila mmwago utakuwa na kiwango chake cha shaba na hutaelewa kwa nini jana ilikubali na leo imekataa.